Bampa Lililokwaruzwa Wakati wa Barafu: Soma Mkwaruzo Kabla ya Kushika Msasa

Ajali nyingi za majira ya baridi hazina kishindo. Gari linakwenda mwendo wa kobe, unakanyaga breki, nalo linaendelea kuteleza kana kwamba halikusikia, kisha unasikia mkwaruzo mrefu upande mmoja. Unateremka, unakuta bampa limeegemea tuta la theluji lililosukumwa pembeni ya barabara. Ukilitazama tuta lile utadhani ni pamba. Ndani yake kuna mabonge ya barafu iliyoyeyuka na kuganda tena mara kadhaa, kokoto, mchanga na chumvi ya barabarani, na pengine nguzo fupi ambayo hukuiona kwa sababu ilikuwa imezikwa.

Mimi nililipata tuta langu nikirudisha gari nyuma. Jioni ileile nikanunua kopo la rangi, nikapuliza ndani ya banda lisilo na joto, asubuhi nikajisifu. Baada ya wiki tatu rangi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nilikuwa nimetibu mkwaruzo nisioupima, kwenye plastiki niliyoichukulia kama bati, katika baridi ambayo hakuna rangi ya kopo inayoivumilia. Maelezo yanayofuata yanakwenda kwa njia niliyopaswa kuipita siku ile: dalili, chanzo, kisha dawa.

Kabla ya yote: maji ya uvuguvugu na ukucha

Bampa lenye tope la chumvi halisomeki. Ukilifuta likiwa kavu, punje za chumvi na mchanga zinageuka msasa mkononi mwako na unajiongezea mikwaruzo ambayo ajali haikuileta. Barafu iliyoshikamana nayo usiikwangue kwa kikwanguo cha kioo. Liingize gari mahali penye joto kidogo, acha barafu idondoke yenyewe, kisha suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu, osha kwa shampuu ya gari, suuza tena, kausha kwa kitambaa laini. Chumvi hujificha kwenye mfereji wa mkwaruzo na kwenye ukingo wa chini wa bampa. Pasuuze hapo mara mbili.

Sasa tazama. Bampa la magari mengi ya leo ni gamba la plastiki, na juu yake kuna matabaka: praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Yote kwa pamoja kwa kawaida yana unene wa maikromita 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50, yaani pungufu ya unywele wa kawaida wa kichwani. Hapo ndipo hukumu yote ilipo: mkwaruzo umeishia tabaka lipi?

Kuna vipimo viwili visivyohitaji kifaa. Cha kwanza, lowesha mkwaruzo kwa maji safi. Ukipotea wakati umelowa na kurudi ukikauka, uko ndani ya klia. Cha pili, pitisha ukucha ukiukata mkwaruzo, bila kukandamiza. Ukipita bila kukwama, kusugua kutatosha. Ukikwama, huenda klia imekwisha na unaelekea kwenye rangi. Halafu tazama rangi ya chini ya mfereji. Weupe wa vumbivumbi ni klia iliyochanika. Kijivu kilicho sawasawa mara nyingi ni praima. Weusi usiong'aa, wenye vinyweleo vidogo pembeni, ni plastiki tupu. Kwenye gari jeupe au jeusi rangi hizi hudanganya, basi tumia tochi ukiilaza pembeni ili kivuli kikuonyeshe kina.

Ukiwa hapo hapo, chuchumaa utazame chini ya gari. Gamba la plastiki lina tabia ya kurudi mahali pake baada ya kugongwa na kuficha kilichovunjika nyuma yake. Nitalirudia hilo mbele. Ila ukiona kimiminika kinadondoka, taa ya mifuko ya hewa inawaka, au kipande cha plastiki kinagusa tairi, habari za rangi ziweke kando kwanza.

Dalili: mistari myembamba myeupe inayopotea ikilowa

Chanzo ni theluji ngumu, matawi yaliyoganda, au wewe mwenyewe na brashi ya kuondolea theluji. Huu ndio mkwaruzo wa bahati, maana unaondoka wote bila rangi.

Anza na dawa laini ya kusugulia na kitambaa cha maikrofaiba, kwa mkono, eneo la ukubwa wa kiganja. Sugua mara ishirini hivi, futa, tazama. Ikiwa mistari imefifia lakini haijaisha, panda hadi dawa kali kidogo, kisha rudi kwenye laini ili kuondoa ukungu ulioachwa na ile kali. Kwa mistari migumu zaidi unaweza kusugua kwa msasa wa maji namba 2000, umalizie na 3000, ukiulowesha kila mara kwa maji yenye tone la sabuni, halafu upige polishi. Kila mpito wa msasa unakula klia ambayo hairudi, kwa hiyo acha mapema kuliko moyo unavyotaka.

Kwa wenye mashine ya polishi kuna tahadhari inayohusu bampa peke yake. Bati hupokea joto la msuguano na kulisambaza. Plastiki hulikusanya palepale. Ukikaa mahali pamoja sekunde chache za ziada, klia inalainika na kuburuzika. Kwenye kingo na mikunjo, ambako rangi huwa nyembamba, mashine itafika kwenye praima kabla hujasema lolote. Mimi kingo zote huzifunika kwa tepu ya karatasi na kuzimalizia kwa mkono.

Dalili: mfereji una rangi isiyo ya gari lako

Mstari mwekundu, wa manjano au mweupe mzito uliokaa juu ya rangi, si ndani yake. Umeugusa ukuta, nguzo au gari jingine, na kilichogongwa kimekuachia ngozi yake. Watu wengi hukata tamaa wakiuona, kumbe mara nyingi chini yake rangi ya gari iko salama.

Jaribu vitu vya upole kwanza: sabuni ya vyombo na maji ya moto kiasi, kisha kiondoa lami au spiriti kwenye kitambaa, kisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na kilainishi chake. Mwishoni ndiyo dawa ya kusugulia. Tina ya rangi iache dukani. Inaondoa doa kweli, lakini bampa lililowahi kupakwa rangi ya marekebisho linaweza kulainika na kukunjamana mbele ya macho yako, na ukilinunua gari likiwa limetumika huwezi kuapa kwamba halijawahi kupakwa. Doa likishaondoka, rudia kipimo cha ukucha. Sasa ndiyo unaona ukubwa halisi wa mkwaruzo, na kwa kawaida ni nusu ya ulivyodhani.

Dalili: vidoa vya nukta, kama ndui, sehemu ya mbele

Hivi si vya tuta. Ni kokoto zinazomwagwa barabarani ili matairi yashike, zikirushwa na gari lililo mbele yako. Safisha kila kidoa kwa spiriti, kikaushe, kisha dondoshea rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba, usubiri likauke, tena jingine, mpaka tundu lijae. Brashi inayokuja na chupa ya rangi ni nene mno kwa kazi hii. Inaacha uvimbe unaoonekana kuliko kidoa chenyewe.

Dalili: ukucha unakwama, chini kuna kijivu au weusi

Mkwaruzo umevuka klia, umevuka rangi, umefika kwenye praima au plastiki. Hapa polishi haitakusaidia hata ukisugua hadi kiama. Habari njema ni kwamba plastiki haipati kutu. Mkwaruzo kama huu ungekuwa kwenye mlango au boneti, chumvi ingeanza kula bati katika wiki chache na ungelazimika kuharakisha. Kwenye bampa unaweza kuosha, kufunika kwa tepu angavu ili uchafu usijipenyeze kwenye kingo za rangi iliyoinuka, na kusubiri siku za joto. Mimi sasa husubiri. Tepu ionekane, watu waseme.

Kwa nini joto? Makopo mengi ya rangi yametengenezwa kupulizwa kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Chini ya nyuzi 10 kioevu kinakuwa kizito, hakitoki kama ukungu bali kama mate, kiyeyusho hakiruki kwa wakati, na unyevu wa hewa unajilaza juu ya rangi mbichi. Kupasha banda moto kwa nusu saa hakutoshi. Hewa inapata joto haraka, lakini bampa lililolala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri linabaki baridi kwa saa nyingi, na hewa ya moto ikiligusa inatoa jasho. Gari lilale ndani usiku mzima, na kopo nalo. Kopo baridi unaweza kuliweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiliweke juu ya hita wala kwenye maji yanayochemka, litapasuka. Na hita yoyote yenye moto wazi izimwe kabla ya kupuliza, kwa sababu mvuke wa rangi unawaka.

Hatua ya kwanza ni kuondoa mafuta na silikoni kwa kisafishio maalumu, kabla ya msasa na tena baada yake. Ukianza na msasa, unayasukuma mafuta ya nta ndani ya mikwaruzo ya msasa na hayatoki tena. Kisha fifisha kingo za rangi kwa msasa namba 320 hadi 400 mpaka kidole kisihisi ngazi kati ya rangi na plastiki. Vinyweleo vya plastiki vilivyosimama vikate kwa wembe kwanza; ukivisugua hukunjika na kuinuka tena chini ya praima.

Mfereji ukiwa na kina, jaza kwa puti iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki au ya bampa. Puti ya kawaida ya bati ni ngumu. Bampa likipinda kidogo, itapasuka na kutoka kipande kizima. Changanya na kikaushio kwa kipimo cha kopo, paka nyembamba, acha iive, sugua kwa namba 180 au 240, kisha 400.

Sasa tufike pale nilipoharibu mimi. Mabampa mengi yametengenezwa kwa polipropilini iliyochanganywa na mpira, na polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote. Rangi inakaa juu yake kama maji juu ya jani la myugwa. Kila sehemu ambayo plastiki tupu inaonekana lazima ipulizwe praima ya plastiki, kimiminika chepesi, mara nyingi kisicho na rangi, ambacho kazi yake ni kushikisha kinachofuata. Tabaka moja au mawili mepesi, na usipitishe muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kuendelea. Baada yake praima ya kujazia, sugua kwa namba 600 hadi 800, na hapo ndipo rangi.

Namba ya rangi haisomwi kwa macho. Imeandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya boneti au ndani ya buti. Hata ukiwa nayo, rangi moja yaweza kuwa na vivuli kadhaa kiwandani, na gari la miaka kumi limepauka. Pulizia kwanza kwenye kadi, pamoja na klia, iache ikauke, iweke juu ya bampa kwenye mwanga wa mchana. Taa ya banda ni shahidi wa uongo.

Tikisa kopo dakika mbili au tatu baada ya kusikia gololi ikigonga ndani. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya eneo na umalizie nje ya eneo, mkono ukitembea bila kusimama. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu, hata kama linaonekana bovu. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka. Matabaka manne membamba ni bora kuliko mawili mazito. Rangi za metaliki zina ugumu wake: chembe za alumini hulala kulingana na umbali na kasi ya mkono, kwa hiyo mahali ulipokaribia sana patakuwa peusi zaidi. Rangi ya lulu ya matabaka matatu mimi siigusi kwa kopo, nampelekea fundi rangi.

Kuhusu klia, kuna ya kawaida na kuna ya vijenzi viwili, ambayo unabonyeza kitako cha kopo kuachia kikaushio. Ya pili ni ngumu zaidi, inavumilia petroli na chumvi, lakini ikishachanganyika ina saa chache za uhai, na ina aisosaiyaneti, kemikali inayoweza kuharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi si kinga hapa. Panahitajika barakoa ya kichujio cha mvuke, glavu, miwani na hewa inayopita. Ikiwa huna hivyo, tumia ya kawaida na ukubali kwamba haitadumu sana.

Malizia klia kwa kuipeleka mpaka kwenye mkunjo wa bampa au ukingo wa taa. Klia iliyokatwa katikati ya uwanda huacha duara linaloonekana kila jua likichwea. Usilioshe gari kwa mashine kwa siku kadhaa, na nta ingoje kama mwezi mmoja.

Dalili: bampa limebonyea, rangi haijachanika

Usilisukume likiwa baridi. Polipropilini tupu huanza kuvunjika kirahisi ikikaribia nyuzi sifuri. Mpira huongezwa ndani yake ili kuisogeza mbele hatari hiyo, lakini haiondoki kabisa. Rangi iliyo juu yake ndiyo ya kwanza kupasuka.

Gari likiwa ndani, mwagia sehemu iliyobonyea maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, taratibu, kwa dakika kadhaa, ukiepuka vioo na taa. Vaa glavu, pitisha mkono nyuma ya bampa na usukume kutoka katikati ya bonde kuelekea nje. Likirudi, mwagia maji baridi ili libaki. Draya ya nywele inafanya kazi hiyohiyo kwa mwendo wa pole. Mabonde mapana hurudi vizuri kuliko yenye ncha. Lenye mkunjo mkali litarudi nusu, na mstari utabaki, kwa sababu plastiki imenyooshwa kupita mpaka wake.

Dalili: kuna ufa

Pindua au chungulia upande wa ndani utafute herufi zilizogandishwa kwenye plastiki, kwa mfano >PP+EPDM< au >ABS<. Hizo ndizo zinazokuambia dawa: PP ni polipropilini, EPDM ni mpira uliochanganywa nayo, ABS ni plastiki ya aina nyingine. Gundi ya papo hapo haishiki polipropilini. Itakaa siku mbili. Plastiki ya aina hiyo huchomelewa kwa joto na fimbo ya plastiki ileile, au hushonwa kwa pini za moto upande wa ndani kisha kuimarishwa kwa wavu. ABS inakubali gundi nyingi za vijenzi viwili.

Kabla ya lolote, toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa, usije ukaendelea kutembea. Ufa wa sentimita chache kwenye uwanda unatengenezeka vizuri. Ufa uliopita kwenye sikio la kufungia, au ulio karibu na sensa, kwangu ni sababu ya kubadilisha gamba zima, kwa sababu mtikisiko wa barabara utaufungua tena.

Dalili: mwanya kwenye kona, au bampa linaning'inia

Mara nyingi ni klipu. Zile za plastiki kwenye kona na chini huvunjika kwanza, na katika baridi huvunjika hata unapojaribu kuzifungua kwa upole, basi nunua za akiba kabla ya kuanza. Usilivute bampa lote kwa nguvu. Nyuma yake kuna nyaya za taa za ukungu na za sensa zenye soketi ambazo hufunguka kwa kubonyeza, si kwa kung'oa.

Mwanya ukibaki baada ya klipu mpya, shida iko ndani. Nyuma ya gamba kuna povu gumu la kumeza kishindo, na nyuma ya povu boriti ya chuma au alumini. Povu lililopasuka halirudishi kazi yake, libadilishwe. Boriti iliyopinda isigongwe nyundo kurudishwa, maana ukishaikunja na kuikunjua imepoteza nguvu iliyowekwa kwa ajili ya ajali kubwa. Kwa bampa la mbele, mulika pia kondensa ya kiyoyozi na rejeta inayopoza injini. Barafu iliyopenya kwenye wavu inaweza kukunja mapezi au kutoboa mrija, na dalili ya kwanza ni kipimo cha joto kupanda siku mbili baadaye. Mabano ya chuma yaliyochubuka, hayo ndiyo yenye kutu. Yasafishe na kuyapaka kinga mara moja, bila kungoja siku za joto.

Plastiki inayolifunika tairi kwa juu na ile ya chini ya injini zikaguliwe pia. Theluji ikijikusanya juu ya plastiki iliyolegea, inageuka bonge zito la barafu linaloivuta chini mpaka iburuzike.

Dalili: sensa zinalia bila sababu, au mfumo umezimika

Kama ni baada ya kugonga tuta, safisha kwanza. Sensa za kuegeshea ni vidude vinavyotoa sauti isiyosikika na kusubiri mwangwi. Ganda la barafu juu yake linarudisha sauti papo hapo na gari linadhani liko ukutani. Likiwa safi na bado linalia, tazama kama sensa imesukumwa ndani ya tundu lake. Kama ilianza kulia baada ya kupaka rangi, umepuliza juu ya sensa na utando wake umekuwa mzito. Safari nyingine zitoe, au zifunike.

Rada ni jambo jingine. Magari mengi yana rada ya kuonya upande usioonekana, iliyofichwa nyuma ya kona za bampa la nyuma, na ya mbele inayopima umbali wa gari lililotangulia. Mawimbi yake hupita kwenye plastiki na rangi ya unene uliojulikana kiwandani. Puti mbele ya rada, au tabaka nne za metaliki juu ya zile za zamani, zinaweza kuipotosha bila taa yoyote kuwaka. Watengenezaji wengi hukataza kujaza au kuchomelea eneo hilo. Fungua kitabu cha gari, jua rada iko wapi, na kama mkwaruzo mzito uko hapo au bano la rada limesogea, kazi ni ya karakana yenye vifaa vya kuisawazisha.

Ukimaliza, na matokeo hayapendezi

Vishimo vya mviringo kama macho ya samaki: silikoni ilibaki, pengine ya nta au ya dawa ya kung'arisha dashibodi uliyoipuliza karibu. Hakuna kuficha kwa tabaka jingine. Acha ikauke, sugua, safisha, rudia.

Ukungu mweupe kwenye klia: unyevu umenaswa. Ukiwa mwepesi, pasha taratibu kwa draya na uone kama unaondoka, usipoondoka, utausugua.

Machozi yaliyotiririka: ulikaribia sana au ulirudia mapema. Usiyafute yakiwa mabichi. Yaache siku kadhaa yagande, yakate kwa msasa namba 1500 uliozungushiwa kibao kidogo, kisha 2000, kisha polishi. Ngozi kama ya ganda la chungwa hutibiwa vivyo hivyo, na kama ni ndogo iache, kwa sababu hata rangi ya kiwandani inayo.

Rangi kukunjamana kama ngozi ya bibi kizee: kiyeyusho cha tabaka jipya kimelainisha la chini ambalo halijaiva, au ambalo lilikuwa la kopo la zamani. Hapo ni kusugua hadi mahali pagumu.

Rangi kubanduka kwa vipande, chini plastiki safi inayong'aa: karibu kwenye chama changu. Praima ya plastiki ilisahauliwa. Bandika tepu imara kuzunguka eneo, ivute kwa ghafla, na chochote kitakachotoka nayo kitoke sasa, kabla hujapaka tena. Mimi kilitoka kipande kirefu kama mkanda, chenye alama ya kila kidole nilichokuwa nimekigusia kabla ya kupuliza.